Kidonge Kinachotazama Nyuma

Nimekulia Pangani, mji ambao mguu wa matende haukumshangaza mtu. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikuwa nao. Alikanyaga pedali kwa mguu mzima, ule mwingine akaunyoosha pembeni juu ya mkeka, na hakuna aliyemshinda kwa kushona kanzu. Wanaume wenye mabusha walijifunga vikoi vipana, na sisi watoto tulionywa tusicheke, maana anayecheka humpata. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi: madafu, uchawi, kukalia jiwe lenye joto. Mbu alitajwa mwisho, tena na watu wa hospitali peke yao.

Miaka ya 2000, serikali ilipoleta kingatiba mkoani Tanga, kaka yangu alichaguliwa kuwa mgawa dawa. Alikabidhiwa daftari, makopo ya vidonge na fimbo yenye alama. Mtu alisimama wima kando ya fimbo, urefu wake ukaonyesha idadi ya vidonge vya ivermektini anavyostahili, kikaongezwa kimoja cha albendazo, akameza palepale huku mgawaji akimtazama. Nilikuwa nafuatana naye kumbebea daftari. Niliyoyasikia vibarazani siku zile nimekuja kuyasikia tena, karibu kwa maneno yaleyale, ng'ambo ya bahari, kwa Wamarekani wenye mbwa. "Mimi siumwi, wape wanaoumwa." "Si nilimeza mwaka jana?" "Dawa ya bure ina jambo ndani yake." Wapo waliojifanya kukimeza kidonge, wakashukuru, kisha wakakitema nyuma ya nyumba. Kaka yangu akajifunza kukaa kidogo, kuulizia habari za watoto, mpaka ahakikishe kidonge kimeshuka kooni.

Houston, Texas, nilikwenda kumfuata mume wangu, na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kufua mablanketi katika makazi ya mbwa na paka waliotelekezwa. Shangazi yangu mpaka leo haamini kwamba mtu hulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mimi Mwislamu wa pwani, niliyefundishwa tangu chuoni kwamba alipolamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nilivaa glavu za kufika viwikoni, nikatenga nguo za kazi, nikamwuliza sheikh mmoja wa huku, naye akanijibu kwa upole kwamba kumhudumia kiumbe mgonjwa kuna thawabu yake. Nikaendelea na kazi.

Baadaye nilihamishiwa kliniki ya makazi hayo, chumba cha nyuma, kumsaidia daktari wa mifugo kupima damu. Kila mbwa mkubwa anayeingia hutolewa matone machache, yakawekwa kwenye kipimo kidogo cha plastiki, na dakika chache baadaye mstari wa pili ukitokea ana minyoo ya moyo. Siku moja daktari alidondosha tone jingine juu ya kioo, akaniita kwenye hadubini. Katikati ya chembe za damu niliona vijinyoo vyembamba vikijipindapinda, vinasukuma chembe huku na huku, haviendi popote. Nilivitambua. Utotoni timu za utafiti zilikuja mtaani usiku wa manane kututoboa vidole, kwa sababu vijinyoo vya matende hujitokeza kwenye damu ya juu saa mbu wanapouma. Asubuhi yake ofisa mmoja alituonyesha kwa hadubini, mmoja mmoja, kwa foleni. Nilimwambia daktari kwamba hawa nimeshakutana nao. Akacheka, akadhani natania.

Wala sikukosea sana. Mnyoo wa matende, Wuchereria bancrofti, na mnyoo wa moyo wa mbwa, Dirofilaria immitis, ni wa ukoo mmoja. Wote wawili hawawezi kumaliza maisha yao bila mbu. Na mmoja wa mbu wanaobeba mnyoo wa moyo huku Houston ni Culex quinquefasciatus, yuleyule anayeeneza matende katika miji ya pwani yetu, anayezaliana kwenye maji machafu ya mifereji na vyoo vya shimo. Ndiye aliyewafanya watafiti wa Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, kumwaga chembe za polistirini vyooni ili zielee juu ya maji na viluwiluwi vikose pumzi. Houston haina vyoo vya shimo, ila ina madimbwi, vyungu vya maua, matairi. Mbu mwenye milia kutoka Asia, ambaye naye hubeba mnyoo huu, aligunduliwa hapahapa Houston mwaka 1985, na anaaminika aliletwa na matairi makuukuu yaliyopakiwa melini.

Nieleze mambo yanavyokwenda mwilini, maana sijaona mtu akibadilika mpaka aelewe sehemu hii. Mbu anamuuma mbwa mgonjwa, anafyonza vile vijinyoo pamoja na damu. Ndani ya mbu hukua kwa muda wa kama siku 10 hadi 14 ikiwa hali ya hewa ni ya joto. Joto likishuka chini ya nyuzi 14 za Selsiasi, husimama. Mbu huyo akimuuma mbwa mwingine, vijinyoo hivyo hudondoka juu ya ngozi na kuingia kwa kupitia tundu alilotoboa mbu. Hawakimbilii moyoni. Hukaa chini ya ngozi na kwenye misuli, wakajivua ganda ndani ya siku chache, wakaendelea kusogea na kukua. Kati ya siku ya 50 na ya 70 hujivua tena, na kuanzia hapo ni minyoo vijana walioiva. Ndipo huingia kwenye mishipa inayopeleka damu mapafuni. Jike akikomaa hufikia sentimita 25 hadi 30, dume ni mfupi zaidi, na wanaweza kuishi humo miaka 5 hadi 7. Tangu mbu aume mpaka vijinyoo vipya vionekane kwenye damu ni kama miezi 6 au 7. Miezi yote hiyo mbwa anakula, anabweka, anarukia wageni.

Kidonge cha kila mwezi kinaua wale wachanga, walio chini ya ngozi. Waliokomaa hakiwawezi. Kwa hiyo kidonge unachompa mbwa leo hakimwekei ngao ya siku 30 zijazo, kama wengi wanavyodhani. Ni fagio linalotoa walioingia siku 30 zilizopita. Ukifagia kila mwezi, hakuna anayefika siku ya 50. Ukiruka miezi miwili, waliokwisha kuvuka umri huo fagio haliwagusi tena, hata ukirudi kwa bidii. Na kipimo hakitakwambia lolote kwa miezi mingine kadhaa, kwa sababu kinatafuta alama inayotolewa na jike aliyekomaa. Ndiyo maana mbwa aliyekatishiwa dawa hupimwa anaporudi, kisha akapimwa tena baada ya miezi 6.

Kwa muda mrefu sisi wa kliniki tulikuwa tukiwaambia watu, "Hiki kitamlinda mwezi ujao." Maneno hayo ni mepesi, na nadhani yamewaponza mbwa wengi. Mtu akisikia ni ulinzi wa mwezi ujao, anapiga hesabu zake: mwezi ujao ni Januari, mbu wamepungua, mbwa wangu analala ndani, hela ni chache, basi niuruke. Daktari niliyefanya naye kazi alibadili usemi. Alishika kalenda ya ukutani, akaweka kidole kwenye tarehe ya leo, akakirudisha mwezi mmoja nyuma: "Hiki ni kwa ajili ya mbu waliomuuma kuanzia hapa mpaka hapa." Watu walinyamaza. Mwezi uliopita mtu anaukumbuka. Anakumbuka alikaa uani jioni na kujikuna miguu. Mbu wa mwezi ujao hana uso. Wa mwezi uliopita amekwisha kuuma.

Palikuwa na chupa pale mapokezi, moyo wa mbwa ndani ya fomalini, minyoo imechomoza kwenye mishipa. Kliniki nyingi za kusini ya Marekani zina chupa ya namna hiyo, na mimi siipendi. Watu huitazama, husema maskini, watoto wakaipiga picha, hofu ikaisha kabla hawajafika kwenye gari. Pangani pia yalikuwepo mabango ya miguu iliyovimba. Waliokwisha kuizoea miguu hiyo mitaani bango halikuwatisha, na ambao hawajaizoea walijiona wao si watu wa namna ile. Hofu humfikisha mtu dirishani mara moja. Kinga ya kila mwezi inataka mtu arudi hata siku ambayo hana hofu yoyote.

Nikapendekeza jambo tulilolifanya na kaka yangu: dozi ya kwanza itolewe mbele yetu, si kufungwa kwenye mfuko. Mbwa ni wajanja kuliko wazee wa Pangani. Mbwa hukiweka kidonge shavuni, akamlamba bwana wake mkono kwa mapenzi, akaenda kukitema nyuma ya kochi. Mwenye mbwa anaweka alama kwenye kalenda na roho imetulia. Kwa hiyo tulimwonyesha mtu namna ya kungoja mpaka kimetafunwa na kumezwa. Na tarehe tuliyomshauri ni ya kwanza ya mwezi, siku ya kulipa kodi ya nyumba. Hakuna mpangaji wa Houston anayeisahau. Kwa wale wasiojiamini kabisa ipo sindano ya moksidektini inayofanya kazi miezi 6, na tangu 2019 nyingine ya miezi 12. Ni ghali kwa mkupuo, na inafaa familia yenye watu wengi ambao kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyetoa kidonge.

Kuhusu baridi, Houston hakuna la kujadili. Mbu nimewaona Januari. Wenye ubishi ni watu wa kaskazini, wa Chicago na kwingineko, ambako theluji hukaa. Shirika la minyoo ya moyo la Marekani, American Heartworm Society, lililoanzishwa mwaka 1974, linashauri dawa miezi yote 12 na kipimo kila mwaka, hata kwao. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza niliona ni biashara. Kisha nikakumbuka wanavyokatisha watu: aliyepumzika Novemba hakumbuki kuanza tena Aprili, anakumbuka Julai, mbu wameshamla mbwa miezi mitatu. Hayo nayaamini zaidi kuliko habari za joto la vyumba vya chini na mifereji ya mjini linalowahifadhi mbu, ingawa nazo ni kweli.

Na minyoo haikai ilikozaliwa. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, maelfu ya mbwa walihamishwa kutoka Louisiana na Mississippi kupelekwa majimbo mengine. Waliopimwa, karibu nusu walikuwa na minyoo ya moyo. Sisi tulipata Harvey, Agosti 2017. Mvua ilinyesha siku mfululizo, mitaa ikageuka mito, na maji yalipopungua mbu walitanda mpaka ndege za jeshi zikaletwa kunyunyiza dawa. Malori ya mbwa yaliondoka kila juma kwenda kaskazini kutafutiwa nyumba. Huruma ile ilikuwa ya kweli. Ila mbwa aliyeumwa na mbu juma la mafuriko hawezi kuonekana kwenye kipimo Septemba. Lazima anayempokea kule aambiwe ampime tena mwakani, na si kila anayepokea mbwa wa mafuriko husoma karatasi zote.

Kuna wanaume wa Texas wasiopenda kulipa kliniki, wanaokwenda duka la pembejeo kununua ivermektini ya ng'ombe. Mmoja, mzee wa heshima aliyekuwa na mbwa wa kuchunga mifugo, aliniletea chupa yenyewe akitaka nimhakikishie. "Si ni dawa ileile?" Ni ileile. Shida ni hesabu. Mbwa anahitaji maikrogramu 6 kwa kila kilo ya uzito. Mbwa wa kilo 20 anahitaji maikrogramu 120. Dawa ya sindano ya ng'ombe, ile ya asilimia 1, ina maikrogramu 10,000 katika kila mililita. Kwa hiyo mbwa yule alistahili mililita 0.012, robo tu ya tone linalodondoka. Mzee alikuwa akimpa mililita nzima kwenye mkate. Na mbwa wa jamii ya collie wengi wana hitilafu ya kurithi iliyogunduliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State mwaka 2001. Kizuizi kinachozuia dawa isiingie ubongoni hakifanyi kazi kwao, hivyo dozi kubwa huwatia upofu, kutetemeka, hata kuzimia kabisa. Dozi ndogo ya kidonge cha mwezi haiwadhuru. Mzee aliposikia alitoa kofia, akaikunja. Mbwa wake hakuwa collie, na nilishukuru Mungu. Alinunua vidonge vya mwaka mzima siku ile, akalalamikia bei, na haki yake kulalamika.

Bei si mzaha. Wenye vipato vidogo ndio wenye mbwa wanaolala nje, ndio wanaoishi karibu na mifereji, na ndio wanaofika wakati mbwa ameanza kukohoa na kupumua kwa shida. Kutibu, mara nyingi, hupita dola 1,000. Nimeona watu wazima wakilia mbele ya dirisha la malipo, halafu wakamwacha mbwa kwetu. Hapo utasikia wafanyakazi wakinong'ona kwamba watu hawana huruma. Mimi siwezi kusema hivyo. Kidonge cha Pangani kilikuwa bure: mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kutoa ivermektini ya binadamu, Mectizan, bila malipo kwa ajili ya upofu unaoletwa na usubi kwa muda wote itakapohitajika, na mwaka 1998 ikaongeza ahadi hiyo kwa ajili ya matende. Mwaka uleule wa 1987 kidonge cha mbwa kilipata idhini Marekani. Dawa moja, iliyotokana na bakteria wa udongo ambao mwanasayansi Satoshi Ōmura aliuchota karibu na uwanja wa gofu huko Ito, Japani. Yeye na William Campbell wa Merck walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa kaka yangu ilifika kwenye kopo kubwa, bila bei. Kwangu huja kwenye kiboksi chenye picha ya mbwa anayecheka.

Matibabu yenyewe nayaeleza kwa kifupi, kwa sababu anayeyajua hahitaji chupa ya fomalini. Dawa pekee iliyoidhinishwa Marekani kuua minyoo iliyokomaa ni melarsomini, yenye aseniki ndani yake. Ni ndugu wa karibu wa melarsoproli, sindano kali iliyotumika kwa binadamu wenye malale, na melarsomini hiyohiyo Afrika huchomwa ngamia wenye ugonjwa wa surra. Kwa mbwa huchomwa ndani kabisa ya misuli ya mgongo. Mbwa huanza na doksisaiklini kwa wiki 4, ili kuua bakteria waitwao Wolbachia wanaoishi ndani ya minyoo na kuitia nguvu, pamoja na kile kidonge cha mwezi. Siku ya 60 anachomwa sindano ya kwanza, siku ya 90 ya pili, siku ya 91 ya tatu. Muda wote huo, na majuma kadhaa baada ya hapo, hatakiwi kukimbia. Minyoo ikifa hukatika vipande, na vipande huchukuliwa na damu vikaziba mapafuni. Moyo ukienda mbio, mambo huharibika.

Kumfungia mbwa kijana kwenye kizimba kwa miezi ni adhabu ya watu wawili. Tulikuwa na jike mmoja mweusi, mwenye sikio lililokatika, aliyeyavumilia yote. Sindano zote tatu zilipita salama. Alipewa mtu wa kumlea, mwenye moyo mzuri na uzio mfupi. Juma la pili kindi alipita juu ya uzio. Mbwa aliruka, akazunguka ua kwa furaha mara kadhaa, akarudi akalala kivulini. Walimleta kwetu jioni akihema, damu puani, na hakufika asubuhi. Mlezi hakulaumiwa na mtu. Ila tangu siku ile, nikimweleza mtu habari za mapumziko, siishii kusema "asicheze". Namtajia kindi.

Nilipoisoma habari ya Wolbachia nilisimama. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wanaume wa Kimang'a waliokuwa na minyoo ya matende. Walipewa doksisaiklini kwa wiki 8, na miezi kadhaa baadaye minyoo mingi iliyokomaa ilikuwa imekufa. Kimang'a ni kijiji cha wilayani kwetu Pangani. Nimepita pale kwa daladala nikiwa na kapu la samaki. Daktari wangu Mmarekani aliijua Lancet, hakukijua Kimang'a, na siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwalimu.

Houston ina wazungumzaji wa Kiswahili wengi kuliko mtu anavyodhani, hasa familia zilizotoka Congo kama wakimbizi. Nikajikuta mkalimani. Mama mmoja wa Maniema aliletwa na mwanawe, kijana wa sekondari aliyeokota mbwa karibu na kituo cha basi. Mbwa alipimwa, hana kitu. Nikampa mama kiboksi, nikamwambia kidonge kimoja kila mwezi.

"Dada, imbwa haiko mugonjwa," alisema. "Sasa dawa ni ya nini?"

Nilianza na mbu. Akaniangalia kama ninavyowaangalia watu wa bima. Kisha nikamwuliza kama kijijini kwao aliwahi kupimwa kwa fimbo akapewa vidonge.

"Ile ya macho? Mectizan?"

"Ndiyo hiyo, mama. Ulikuwa unaumwa siku ile?"

Alifikiri kidogo. "Hapana. Lakini baba yangu alikufa kipofu." Akakigeuzageuza kiboksi mkononi, akauliza kwa nini watu humeza mara moja kwa mwaka na mbwa kila mwezi.

Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wenye shahada. Nilimjibu hivi: kwa binadamu dawa ile inafuta watoto wa minyoo walio mwilini, ili mbu au usubi asiwachukue kwa jirani, na kazi hiyo hufanywa kijiji kizima kwa pamoja, mwaka hata mwaka, mpaka minyoo mizee ife kwa umri wake. Kwa mbwa tunataka mnyoo asifike ukubwani kabisa ndani ya mbwa huyu mmoja, basi hatuwezi kungoja mwaka. Alimwambia mwanawe aandike tarehe. Kijana akaiandika kwenye simu. Mama akasema hapana, ukutani.

Paka sijawataja. Nao huumwa, japo minyoo michache tu hukomaa ndani yao. Lakini hakuna dawa salama ya kuiua minyoo hiyo ndani yao, melarsomini haiwafai, kwa hiyo kwao kuna kinga au bahati. Na nisifiche kwamba katika bonde la chini la Mississippi imethibitika ipo minyoo isiyosikia tena dawa za kinga kama zamani. Wapo wanaolisikia hilo wakaacha dawa kabisa. Mimi nalisikia nikarudi kwenye mbu: kumwaga maji ya vyungu, kumwingiza mbwa ndani jioni, kumpaka dawa ya kufukuza mbu iliyotengenezwa kwa mbwa. Ya binadamu yenye DEET mbwa huilamba, na ni sumu kwake.

Kaka yangu sasa ana mbwa wawili wa kulinda shamba la mnazi. Hawaiti wa kufuga, na hawaingii uani. Alinipigia kuuliza kama wanaweza kuwa na ugonjwa ninaouhangaikia. Nilimwambia pwani yetu ina minyoo yake. Kisiwa cha Pate, upande wa Lamu, kimempa jina mnyoo mmoja, Brugia patei, aliyeelezwa mwaka 1958 baada ya kupatikana kwa mbwa, paka na kanu wa huko. Na Kenya amewahi kupatikana Dirofilaria repens, ndugu wa mnyoo wa moyo, anayekaa chini ya ngozi. Akasema basi atachukua ile ivermektini ya ng'ombe kwa jirani, kipimo anakijua.

"Fimbo yako haipimi mbwa," nilimwambia. "Na usimpe kitu kabla ya kupimwa damu."

Akataka kujua kwa nini, yeye aliyewagawia watu mamia kwa mamia bila kupima damu ya yeyote. Nikamweleza kwamba mbwa mwenye vijinyoo vingi kwenye damu, vikifa kwa mkupuo, mwili wake unaweza kupata mshtuko, akaanguka. Na kwamba mbwa mwenye minyoo mikubwa moyoni ana njia yake nyingine ya matibabu. Ampeleke kwa daktari wa mifugo wilayani, daktari aangalie tone la damu kwa hadubini, amweke mbwa kwenye mizani, ndipo aandike dozi. Alisema mizani ya mifugo ipo Muheza, na mbwa wake hawajawahi kupanda gari. Tukatumia robo saa iliyobaki kupanga nani ataazima pikapu, na mbwa gani afungwe mdomo kwanza.